Muulize Fundi Sauti: dabo, otochuni na ile sauti ya jini

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia sehemu moja, namna ya kuichezea sauti ya mtu anayechana. Nimezipunguza kidogo kwa ajili ya nafasi, na wale mnaotuma demo mkitaka nijibu ndani ya saa moja, jamani, na mimi nina kazi zangu. Twende.

Kaka Fundi, mambo? Mi najirekodi mwenyewe home, nikaskia marapa wanadabo sauti ili inenepe, basi nikakopi treki yangu nikaipesti chini yake, haijanenepa, kelele tu ndo zimeongezeka. Nikarudia kuchana upya mara ya pili, sa imekuwa kama watu wawili wanagombania maiki. Nifanyeje? — Mchanga wa Studio

Poa mdogo wangu. Ulipokopi ukapesti palepale, kompyuta imejumlisha kitu kilekile na kitu kilekile, matokeo yake ni sauti kupanda kama desibeli 6 basi, ungepandisha feda (kile kitelezi cha kuongeza sauti) ungepata hichohicho. Na ukiisogeza ile kopi kidogo, tuseme milisekunde 10, inaanza kusikika kama unaongelea ndani ya bomba kwa sababu kuna masafa ya sauti yanagongana yanafutana. Dabo ya ukweli, yani kuchana mstari uleule tena na kuuweka chini ya ule wa kwanza, inanenepa kwa sababu binadamu hawezi kurudia mstari vilevile mara mbili, pichi (ujuu na uchini wa sauti) inapishana kichembe, muda unapishana kichembe, na sikio linapenda hiyo kupishana. 2Pac alikuwa mtu wa hivyo, anajirudia juu ya sauti yake mwenyewe mpaka mtu mmoja anasikika kama kikosi. Na ni kazi inayochosha kweli, John Lennon hakuipenda kabisa, ndo maana injinia wa pale studio ya Abbey Road, Ken Townsend, mwaka 1966 akabuni mtambo wa tepu wa kuiga dabo ili The Beatles wasirudie rudie kuimba.

Sasa ugomvi wako mimi nahisi uko mwisho wa mistari. Maneno ya Kiswahili karibu yote yanaishia na irabu, na irabu inaning'inia hewani. Chukua mstari kama "nimebaki peke yangu, wote wamekimbia". Ile "bia" ya mwisho, kwenye treki ya kwanza umeikata fasta, kwenye ya pili umeivuta, msikilizaji anapata "biaa-a" na hapo ndo watu wawili wanapotokea. Kwa hiyo kabla hujabonyeza rekodi amua ile irabu inafia wapi, kwenye snea (ile ngoma kali ya biti) au kabla ya snea, uichane hivyo mara zote mbili. Alafu kwenye dabo zimeze herufi kali, s, t, k, ch, zitamke kama mtu anayenong'ona, kwa sababu s mbili zilizopishana kidogo zinatoa mlio kama wa nyoka wawili na hakuna plagini (programu ya kurekebisha sauti) itakayokuokoa bila jasho. Dabo ikae chini ya treki kuu kwa desibeli 6 mpaka 10, ukate besi yake yote, na usidabo vesi nzima. Chagua maneno ya mwisho, yale yenye vina, mengine yaache mtu mmoja aongee.

Mwanangu Fundi, mimi ni mzazi, nina kijana wa miaka 17. Anajifungia chumbani na kompyuta, juzi nikasikia kwenye spika sauti nzito ya kutisha inachana, nikadhani ana mgeni mtu mzima humo ndani, kumbe ni yeye. Sauti yake mwenyewe ni nyembamba tu. Je, hiki kitu hakimuumizi koo? Na kwa nini hataki sauti aliyopewa na Mungu? — Mama wa Rapa

Shikamoo mama. Koo lake lisikupe presha, ile sauti nzito karibu kila mara inatengenezwa baada ya kurekodi, yeye kaongea kwa sauti yake na kompyuta ndo imeishusha. Kitu cha kuangalia ni kimoja, kama anakoroma na kuunguruma mwenyewe kwa nguvu kwenye maiki ili asikike mzito, hiyo inachosha nyuzi za sauti, na akikaukiwa sauti ikapita wiki tatu haijarudi mpeleke kwa daktari.

Kuhusu namna inavyofanyika ngoja nikueleze, kwa sababu ukimwelewa mtaongea vizuri. Zamani ilikuwa tepu. Tepu ukiizungusha kwa nusu ya spidi, kila kitu kinashuka oktava moja na dakika moja inageuka mbili. Kule Houston Marekani, DJ Screw alijenga mtindo mzima juu ya hilo miaka ya 90, anachukua nyimbo za rap anazipunguza spidi mpaka sauti za watu zinakuwa nzito na nzito zaidi, zinaburuzika, amefariki mwaka 2000 lakini mpaka leo watu wanamfuata. Hata kushusha kidogo tu kunasikika, ukipunguza spidi ili ushuke semitoni mbili (hatua mbili ndogo za kinanda), wimbo wa dakika 3 unakuwa kama dakika 3 na sekunde 22.

Kompyuta za sasa zinaweza kushusha pichi bila kugusa muda, na zinaweza kugusa kitu kingine kinaitwa fomanti. Fomanti ni ule muhuri unaotokana na ukubwa wa koo na mdomo wa mtu, ndo unaotuambia huyu ni mtoto na huyu ni baba hata wakiimba noti moja. Ukishusha pichi peke yake ukaacha fomanti, unapata mtu wa kawaida mwenye sauti nzito. Ukishusha vyote viwili unapata mtu mwenye koo kubwa kuliko binadamu, na hicho mama ndo ulichokisikia chumbani.

Kwa nini hataki sauti yake? Labda anaitaka sana ila anahitaji mtu wa pili wa kuongea naye. Madlib, prodyuza wa California, alikuwa haipendi sauti yake nzito, basi akapunguza spidi ya biti kwenye tepu, akachana polepole juu yake, alafu akairudisha tepu kwenye spidi ya kawaida, ikatoka sauti nyembamba kama ya katuni. Akaipa jina, Quasimoto, na mwaka 2000 huyo Quasimoto akatoa albamu yake, na ndani yake Madlib mwenyewe anajibizana naye. Tyler, the Creator kwenye albamu zake za mwanzo alikuwa na mshauri nasaha wa sauti nzito anayemhoji, na mshauri ni yeye mwenyewe kashushwa pichi. Kendrick Lamar kwenye albamu yake ya 2012 ameweka dhamiri yake izungumze kwa sauti iliyobadilishwa, yani ni mtu anajisema. Kwa hiyo muulize tu kijana, yule mzito ni nani kwenye hiyo stori? Akikosa jibu basi anacheza, si vibaya. Akiwa na jibu, mama, una mwandishi ndani ya nyumba.

Na mwambie hili kutoka kwangu. Asirekodi kawaida kisha aanze kutafuta plagini. Kama ngoma inataka sauti ya kushuka, achane akijua itashuka, atamke silabi kwa ukali zaidi ya kawaida yake, kwa sababu ukishusha sauti maneno yanakuwa matope. Madlib hakurekodi kwanza ndo akafikiria, alichana polepole makusudi, na unaweza kusikia kwamba ule mdundo wa kuongea wa Quasimoto ni tofauti na wa mtu aliyeharakishwa tu.

Kaka Fundi habari za kazi. Prodyuza wangu anasema otochuni ni ya watu wasiojua kuimba, mi nachana lakini kiitikio nataka kile kisauti cha kuteleza. Nimeiweka mwenyewe, nikawa kama roboti mlevi, inarukia noti ambazo mimi sijaimba kabisa!! Nakosea wapi? — Dada wa Vina

Nzuri dada. Nianze na ulevi wa roboti, kwa sababu huo unatibika. Auto-Tune, ndo hiyo otochuni, programu ya kunyoosha pichi, haijui wimbo wako ni upi. Kazi yake ni kusikiliza pichi unayotoa, kuangalia noti iliyo karibu kati ya noti ulizomruhusu, na kukuvutia hapo. Kama hujamwambia wimbo uko kwenye kii gani, yani familia gani ya noti, anaruhusu noti zote 12, na mtu anayechana pichi yake inateleza juu na chini kama tunavyoongea, basi njia nzima anagonga noti zisizohusika na kila akigonga anavutwa. Tafuta kii ya biti kwanza, muulize aliyeitengeneza au kaa na kinanda utafute noti ambayo besi inarudia rudia kutua, alafu weka hiyo kii na skeli yake. Zikibaki noti 7 ulevi mwingi unaisha hapohapo. Bado kuna mahali inaruka? Toa noti moja moja unazoona zinakusumbua, unaweza kubaki hata na tano.

Kitu cha pili ni spidi ya kuvuta. Ikiwa sifuri inakuvuta papo hapo, hakuna kuteleza kati ya noti na noti, ndo ile sauti ya ngazi ngazi. Ukiipeleka milisekunde 20 hadi 50 inakuwa laini, wengi hawatajua kama imewekwa. Hakuna namba sahihi, ni unataka isikike au isisikike.

Sasa hili la prodyuza wako. Ni nusu kweli. Mtambo ulitolewa mwaka 1997 na Andy Hildebrand, jamaa ambaye kabla ya hapo kazi yake ilikuwa mahesabu ya mawimbi ya ardhini kwa watafuta mafuta, na ulikusudiwa kurekebisha kimyakimya. Mwaka uliofuata Cher akatoa wimbo ambao spidi imewekwa mpaka mwisho, na maprodyuza wake mwanzoni walificha siri wakasema ni vokoda, mtambo mwingine wa sauti ya kiroboti nitakaoueleza chini. Mwimbaji T-Pain ndo akaufanya kuwa chombo chake, albamu yake ya kwanza ilitoka 2005, watu wakamcheka kwamba hana sauti, mwaka 2014 akakaa kwenye ofisi za NPR, redio ya Marekani, na kinanda tu bila mtambo wowote akaimba, na kelele zikapungua sana. Kanye West 2008 akafanya albamu nzima ya huzuni ndani yake. Jay-Z 2009 akatangaza kifo cha otochuni. Otochuni haikufa, wote tunajua.

Kinachomtofautisha T-Pain na roboti mlevi ni kwamba anaimba akijiskia akiwa ndani ya mtambo. Washa otochuni kwenye hedifoni wakati unarekodi, sio baada. Utaona mwenyewe mdomo unaanza kubadilika, ukivuta sauti kutoka noti moja kwenda nyingine makusudi mashine inakupasulia ile ngazi unayoitaka, ukitulia inatulia, unajua lini itakamata. Na wewe una bahati ya lugha. Mashine inakamata sauti zenye pichi tu, s na t na p hazina pichi, zinapita hivihivi. Silabi zetu karibu zote zimefungwa na irabu, kwa hiyo kila silabi una mahali pa kuikamatisha. Jaribu "siku zapita sioni" uvute ile "ta" na ile "o", zile konsonanti zipite kwa wepesi. Ukiwa na kinywa kilichofumba nusu haitakusoma vizuri, fungua.

Ila vesi ya kuchana tupu, yenye maneno mengi ya haraka, mimi binafsi ningeiacha kavu. Tofauti kati ya vesi kavu na kiitikio kinachong'aa inafanya kiitikio kionekane kimefika mahali.

Fundi, tumebishana na mshkaji mpaka tukataka kupigana. Ile sauti ya kiroboti kwenye ngoma ya 2Pac na Dr. Dre ya California, yeye anasema ni vokoda, mi nasema ni otochuni ya zamani. Tumewekeana dau, tuamue. — Watani Wawili

Mmekosea wote, kila mtu abaki na hela yake. Ngoma ilitoka 1995, Auto-Tune ilikuwa haijazaliwa. Ile ni toki boksi na anayeipiga ni Roger Troutman wa kundi la Zapp. Kinanda kinatoa sauti, sauti inapitishwa kwenye mpira mwembamba, mpira unaingia mdomoni mwa mpigaji, yeye haimbi, anachezesha midomo na ulimi tu kama anaongea kimya huku vidole viko kwenye kinanda, na maiki ya mbele inanasa kinanda kinachotamka maneno. Mate yanachuruzika, samahani kwa mnaokula.

Vokoda haina mpira. Inachukua sauti ya mtu, inaigawa kwenye vipande vya masafa, inapima kila kipande kina nguvu kiasi gani, alafu inatumia vipimo hivyo kufungua na kufunga vipande vya sauti nyingine, mara nyingi sinthesaiza. Homer Dudley wa Bell Labs aliianzisha miaka ya 1930 kwa ajili ya simu, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ikawekwa kwenye mtambo wa siri wa mazungumzo kati ya Washington na London, kuanzia 1943. Kijeshi kwanza, disko baadaye. Namna ya kuzitofautisha kwa sikio: toki boksi unasikia unyevu wa mdomo, maneno yanazunguka kama yanatafunwa. Vokoda ni kavu na bapa, na mara nyingi inatoa kodi nzima kwa mkupuo, noti tatu nne zinaongea pamoja.

Nikiweka mwangwi mistari yangu inazama kwa nyuma, nikitoa inakuwa kavu kama nasoma tangazo. — Mpiga Mistari

Mwangwi wa chumba kikubwa na rap ya maneno mengi haviendani, mkia wa neno moja unaangukia juu ya linalofuata. Tumia chumba kifupi sana, nusu sekunde hivi au chini yake, kata besi ya huo mwangwi. Ukitaka ukubwa tumia dilei (sauti inayojirudia) ya kurusha, yani inawashwa kwenye neno la mwisho la mstari tu alafu inazimwa. Muda wake uende na biti, gawa 60,000 kwa BPM, yani mapigo kwa dakika: biti ya 90 kila pigo ni milisekunde 667, nusu yake 333. Na uache nafasi kwenye uandishi! Kama mstari unaofuata unaanza palepale hakuna pa kurushia, hilo ni la kwenye daftari sio la kwenye plagini.

Kaka habari, kompresa nimeweka, bado silabi za mwisho za maneno hazisikiki, za mwanzo zinapasua masikio. Nimeongeza kompresa ya pili, sa pumzi zangu zinaskika kama pampu. — Mkali wa Home

Punguza kwanza, tutaongeza baadaye. Kompresa haielewi maneno, inaelewa nguvu tu. Ukiiweka 4 kwa 1, sauti ikivuka kizingiti (kiwango ulichoiwekea) kwa desibeli 8 inatoka imevuka kwa 2. Inabonyeza vikubwa, alafu wewe unapandisha yote, na pumzi zinapanda humo humo, ndo hiyo pampu.

Tatizo lako limeanzia kinywani. Kiswahili kinakazia silabi ya pili kutoka mwisho, "nimeku-SHI-nda", na ile ya mwisho inadondoka. Tukiongea hakuna shida, kila mtu anaelewa. Kwenye biti yenye besi kubwa ile "nda" inamezwa, na kama kina chako kiko hapo basi kazi yote imepotea. Rudia ukiisukuma silabi ya mwisho kwa tumbo, itasikika ya ajabu chumbani ila kwenye biti itakaa sawa. Sogea sentimita 15 hivi kutoka kwenye maiki na usicheze mbele nyuma, ukiikaribia sana besi ya sauti yako inavimba na kompresa inaanza kuikimbiza besi badala ya maneno. Rekodi vilele vikicheza kati ya desibeli hasi 12 na hasi 6 kwenye mita, usipaparikie sifuri, ndo kikomo.

Alafu kabla ya kompresa yoyote pita na mkono, kata pumzi pale zinapozidi uzishushe desibeli 6 au 8 bila kuzifuta kabisa, zishushe zile silabi zinazopasua, zipandishe za mwisho. Ni kazi ya kuchosha, najua. Baada ya hapo kompresa mbili zinazofanya kazi kidogo kidogo ni bora kuliko moja inayokaba: ya kwanza ya haraka inayoshika vilele tu, watu wengi wanatumia kompresa inayoitwa 1176 au kopi zake za kompyuta, mtambo wenyewe upo tangu 1967, na ya pili ya taratibu inayolainisha. Kila moja ishushe desibeli 3 hivi, tano ikizidi sana.

Bro, mi siandiki, nachana mstari mmoja nasimamisha, nafikiria, nachana mwingine. Masela wananiambia huo ni uongo, rapa wa kweli anachana vesi nzima bila kukata. Ni kweli? — Mstari kwa Mstari

Sio uongo bro, marapa wakubwa kibao wanarekodi hivyo, na ina ladha yake, kila mstari unaingia na nguvu mpya kwa sababu pumzi ni mpya. Kinachokuumbua ni maungio. Ukianza mstari wa pili kabla wa kwanza haujaisha unapata sauti mbili za mtu mmoja zinazopandana, wapo wanaoifanya makusudi na inapendeza, ila wewe kwenye demo uliyotuma naona imetokea tu. Ukiitaka, rekodi mistari kwenye treki mbili kwa kupokezana, moja isogeze kidogo kushoto nyingine kulia, ionekane umeamua. Usipoitaka, anza kila rekodi kwa kurudia neno la mwisho la mstari uliopita ukiwa na nguvu ileile, alafu ulikate, sauti itaungana yenyewe bila mtu kujua pa kukatia. Umbali wa maiki usibadilike ukisimama kufikiria, weka alama sakafuni kama unajisahau.

Na show ikija utalazimika kuivuta yote kwa pumzi moja, kwa hiyo vesi ikishakamilika ikariri, uichane mfululizo ukiwa umesimama. Pale utakapoishiwa hewa, hapo toa maneno mawili, urekodi upya huo mstari tu.